Kupepeta na Kuchambua: Uchaguzi wa Tafiti katika Mapitio ya Utaratibu

1. Utangulizi

Miongoni mwa aina za maandishi ya kitaaluma zilizoenea sana tangu mwisho wa karne ya ishirini ni ile iitwayo mapitio ya utaratibu. Maandishi ya aina hii hayaleti habari mpya kutoka shambani, maabarani wala darasani. Kazi yake ni kukusanya tafiti zote zilizokwisha kufanywa juu ya swali fulani, kuzipima, na kueleza zinasema nini zikichukuliwa kwa pamoja. Madaktari, wachumi na wataalamu wa elimu huyategemea, na wizara za serikali huyatazama zinapoamua dawa ipi inunuliwe au mpango upi ugharimiwe.

Makala haya yanakusudia kueleza hatua moja tu ya kazi hiyo, nayo ni ile ya kuchagua tafiti zitakazoingizwa katika mapitio. Hatua hii aghalabu hudhaniwa kuwa ni kazi ya ukarani inayotangulia kazi yenyewe ya hesabu na hoja. Dhana hiyo ina kasoro kubwa. Wataalamu wenye elimu sawa, wanaouliza swali lile lile, wanaweza kufikia majibu yanayopingana kwa sababu hawakuingiza tafiti zile zile. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya jibu huamuliwa mlangoni, kabla ya hesabu kuanza. Jambo hilo litaonyeshwa kwa mfano wa mabishano juu ya dawa za minyoo kwa watoto wa shule, ambayo chanzo chake kimojawapo ni utafiti uliofanywa Busia, magharibi mwa Kenya. Mwishoni yatatazamwa mambo mawili yanayowahusu wanalugha moja kwa moja: nafasi ya lugha katika uchaguzi wa tafiti, na istilahi za Kiswahili zinazofaa kwa kazi hii.

2. Asili ya mapitio ya utaratibu

Desturi ya kupitia maandishi ya waliotangulia ni ya zamani. James Lind, daktari wa Uskoti aliyechapisha kitabu juu ya ugonjwa wa kiseyeye mwaka 1753, alitia ndani yake sehemu ndefu ya kuwachambua waandishi waliomtangulia. Hata hivyo, kwa muda mrefu mwandishi wa mapitio alikuwa huru kutaja tafiti alizozipenda na kuzinyamazia nyingine, na msomaji hakuwa na njia ya kujua ni zipi zilizoachwa wala kwa nini. Wahenga walisema kwamba kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mapitio ya namna hiyo yalikuwa ngoma ambayo ngozi yake ilivutwa upande mmoja pasipo mtu kuiona kamba.

Mwaka 1972 daktari mmoja wa Uingereza, Archibald Cochrane, alichapisha kitabu kilichodai kwamba tiba zigharimiwe tu iwapo zimethibitishwa kufaa, na kwamba uthibitisho ulio bora ni ule wa majaribio ambayo wagonjwa hugawanywa kwa kura. Mwaka 1976 Gene Glass wa Marekani, mtaalamu wa takwimu za elimu, alitoa jina la kitaalamu la mbinu ya kuunganisha matokeo ya tafiti nyingi kwa hesabu moja, mbinu inayoweza kuitwa kwa Kiswahili uchanganuzi jumlishi. Mwaka 1993, miaka mitano baada ya kufa kwa Cochrane, jumuiya yenye jina lake iliundwa Oxford kwa madhumuni ya kuandaa mapitio ya utaratibu katika tiba na kuyarekebisha kila ushahidi mpya unapopatikana.

Neno “utaratibu” katika jina hili lina maana mahsusi. Halina maana ya unadhifu wala ya bidii. Maana yake ni kwamba kila uamuzi hufanywa kwa kanuni iliyoandikwa mapema na kutangazwa, hata mtu mwingine akifuata kanuni zile zile awe na uwezo wa kufika mahali pale pale, au, asipofika, awe na uwezo wa kuonyesha ni wapi njia zilipoachana.

3. Swali na masharti

Uchaguzi wa tafiti huanza kabla ya utafiti hata mmoja kusomwa. Kwanza hapana budi swali liandikwe kwa ukamilifu. Katika elimu ya tiba swali kamili huwa na sehemu nne: ni watu gani wanaohusika, ni jambo gani wanalofanyiwa, wanalinganishwa na nani, na ni matokeo gani yanayopimwa. “Je, dawa za minyoo zina faida?” si swali linaloweza kujibiwa. “Je, watoto wote wa shule katika eneo lenye minyoo wakipewa dawa bila kupimwa kwanza, uzito wao na mahudhurio yao hupita ya watoto wasiopewa?” ni swali linaloweza kujibiwa, kwa kuwa kila neno ndani yake ni mpaka.

Kutokana na mipaka hiyo huandikwa masharti ya namna mbili: yale ambayo utafiti ukiyatimiza huingizwa, na yale ambayo ukiwa nayo hutolewa. Masharti hutaja umri wa washiriki, aina ya dawa, aina ya jaribio, muda wa ufuatiliaji, na pengine lugha na mwaka wa kuchapishwa. Kila sharti linastahili kuwa na sababu inayotokana na swali lenyewe. Sharti lisilo na sababu ni upendeleo uliovikwa vazi la kanuni.

Masharti haya hutiwa katika mwongozo wa kazi, na siku hizi mwongozo huo huandikishwa hadharani kabla ya kazi kuanza. Daftari la uandikishaji la Chuo Kikuu cha York, Uingereza, lilifunguliwa mwaka 2011. Faida yake ni dhahiri. Mtu akiisha kuyajua matokeo ya tafiti, ni vigumu sana atunge masharti bila kuvutwa na kile alichokiona. Masharti yaliyoandikishwa mapema yanaweza kubadilishwa ikiwa pana sababu, lakini badiliko litaonekana na mwenye kulifanya atatakiwa alieleze.

4. Hatua ya kwanza: kupepeta

Baada ya masharti kukamilika, makala hutafutwa katika hazina mbalimbali za kompyuta, katika orodha za marejeo, na kwa kuwaandikia wataalamu. Utafutaji mzuri hukusanya vingi kuliko vinavyohitajika, na si ajabu kupata vichwa vya makala elfu tano ili hatimaye zipatikane tafiti thelathini. Makala yaliyojirudia huondolewa kwanza. Ndipo kazi ya kupepeta inapoanza.

Neno kupepeta linafaa hapa kwa maana yake halisi. Mwenye kupepeta mchele kwa ungo haangalii punje moja moja. Huurusha juu, upepo ukachukua makapi, na kilicho kizito kikarudi. Vivyo hivyo, katika hatua hii husomwa kichwa cha makala na ikisiri yake tu, na hutolewa yale ambayo ni wazi kabisa kwamba hayahusiki: makala juu ya minyoo ya ng’ombe, makala yanayopima nguvu ya dawa ndani ya chupa za maabara, barua kwa mhariri.

Kanuni kuu ya hatua hii ni kwamba penye shaka makala huachwa yabaki. Sababu yake ni kuwa makosa mawili yanayoweza kutokea hayana uzito sawa. Makala yasiyofaa yakibaki, yatagunduliwa katika hatua inayofuata, na hasara itakuwa saa moja ya kusoma. Makala yanayofaa yakitupwa, hakuna atakayeyarudia, kwa kuwa yaliyopeperushwa na makapi hayatazamwi tena. Kwa hiyo mpepetaji hodari ni yule asiyeona haya kubakiza mengi.

Katika miaka ya karibuni kompyuta zimefundishwa kuipanga orodha ya makala ili yale yanayoelekea kufaa yatangulie. Msaada huo ni mkubwa pale makala yanapokuwa maelfu. Lakini kompyuta hizo hujifunza kutokana na maamuzi ya watu waliozitangulia, na mtu akiwa na mazoea mabaya ya kutupa, mashine itayaiga mazoea hayo kwa kasi.

5. Hatua ya pili: kuchambua

Mchele uliokwisha kupepetwa bado una chuya na vijiwe. Hivi haviondolewi kwa upepo. Huondolewa kwa jicho na kidole, punje kwa punje, na kazi hiyo huitwa kuchambua. Katika mapitio, hatua ya pili ni hiyo hiyo: makala yaliyobaki hutafutwa yakiwa kamili, husomwa mwanzo hadi mwisho, na kila moja hulinganishwa na masharti.

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa hapa. La kwanza ni kwamba kila makala yanayotolewa katika hatua hii hutolewa kwa sababu iliyotajwa, na sababu hiyo huandikwa. Hati ya mwaka 2009 iliyoweka kanuni za kuripoti mapitio ya utaratibu, iliyorekebishwa kwa toleo linaloitwa la mwaka 2020, hudai mchoro unaoonyesha ni makala mangapi yaliyopatikana, mangapi yaliyotolewa katika kila hatua, na kwa sababu zipi. Kwa kuutazama mchoro huo msomaji anaweza kuuliza swali ambalo mapitio ya zamani hayakumruhusu kuliuliza: je, waliotolewa walistahili kutolewa?

La pili ni tofauti kati ya utafiti na makala. Utafiti mmoja mkubwa huzaa makala mengi, mengine juu ya matokeo ya mwaka wa kwanza, mengine juu ya gharama, mengine juu ya hali ya washiriki miaka kumi baadaye. Kinachohesabiwa ni utafiti. Asiyeangalia jambo hili atahesabu watoto wale wale mara tatu na kudhani kwamba ameona mashahidi watatu, ilhali ni shahidi mmoja aliyesema mara tatu.

La tatu ni kwamba utafiti haufai kutolewa kwa ajili ya matokeo yake, wala kwa sababu tu takwimu zake zimeandikwa kwa namna isiyorahisisha hesabu. Ikiwa watafiti walipima uzito wa watoto lakini hawakuchapisha tarakimu zote, inafaa waandikiwe, au tarakimu zinazokosekana zitafutwe kwa hesabu kutokana na zile zilizopo. Kuuacha utafiti wa namna hiyo kimya kimya ni kuutoa kwa mlango wa nyuma.

6. Wachaguzi wawili

Hatua zote mbili hupendekezwa zifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona maamuzi ya mwenzake. Baadaye maamuzi hulinganishwa. Palipo na hitilafu, wawili hao hujadiliana, na wasipoafikiana, mtu wa tatu huamua. Utaratibu huu hauna maana kwamba wachaguzi hawaaminiwi. Macho huchoka, na maneno ya masharti, hata yakiandikwa kwa uangalifu, hufahamiwa kwa namna mbili.

Kiasi cha kuafikiana hakipimwi vyema kwa kuhesabu asilimia peke yake. Chukulia kwamba wachaguzi wawili wamepewa vichwa 1000. Wote wawili wamebakiza 40 vile vile, na wote wametupa 900 vile vile. Katika 60 vilivyosalia, mmoja amebakiza 30 ambavyo mwenzake ametupa, na mwenzake naye kadhalika. Wameafikiana katika 940 kati ya 1000, na tarakimu hiyo yapendeza. Lakini kwa kuwa karibu kila kitu hutupwa, hata watu wawili wanaochagua kwa kubahatisha wangeafikiana mara nyingi. Kipimo kilichotungwa na Jacob Cohen mwaka 1960 huondoa mafikiano hayo ya kubahatisha, na katika mfano huu hutoa takriban 0.54, ambapo 1 ni mafikiano kamili na 0 ni kubahatisha kutupu. Jambo lenyewe laonekana hata bila ya hesabu: kati ya vichwa 100 ambavyo angalau mmoja wao alivitaka, ni 40 tu ambavyo wote wawili walivitaka. Hapo masharti yanahitaji kuandikwa upya kwa maneno yaliyo wazi zaidi kabla ya kuendelea.

7. Mfano: dawa za minyoo

Mnamo mwaka 1998 mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianzishwa katika shule 75 za msingi katika iliyokuwa Wilaya ya Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa katika makundi matatu yaliyoingizwa katika mradi kwa zamu: la kwanza mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Ugawaji haukufanywa kwa kura. Shule zilipangwa kwa tarafa za elimu na kwa mfuatano wa alfabeti, kisha kila ya tatu ikatiwa katika kundi lake. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004. Walisema kwamba utoro ulipungua kwa kiasi cha robo, na kwamba hata watoto wasiopewa dawa walinufaika kwa kuwa maambukizo yalipungua, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Utafiti huo ulisaidia sana kueneza mipango ya dawa za minyoo mashuleni, na mwaka 2009 Kenya iliwapa dawa watoto milioni 3.6.

Mchaguzi wa tafiti aliyekutana na utafiti huu alikabiliwa na swali gumu. Ikiwa masharti yanadai majaribio ya kura tu, Busia inatolewa. Ikiwa yanakubali ugawaji wa zamu au wa alfabeti, inaingia, lakini kwa tahadhari, kwa kuwa mgawaji anaweza kujua mapema shule ipi itaangukia wapi. Mapitio ya jumuiya ya Cochrane ya mwaka 2012 na ya 2015 yaliuingiza, na yakauwekea alama kwamba ugawaji wake si wa kura.

Mapitio ya mwaka 2015 yaliingiza majaribio 45. Moja, lililofanywa India kaskazini, lilikuwa na watoto zaidi ya milioni moja na lilihusu vifo. 44 yaliyobaki yalikuwa na washiriki 67,672 kwa jumla. Majaribio 8 yaliwahusu watoto waliopimwa na kujulikana kuwa na minyoo, na 37 yaliwahusu watoto wa maeneo yenye minyoo waliopewa dawa wote pamoja. Kwa waliojulikana kuwa na minyoo, uzito uliongezeka kwa wastani wa kilo 0.75. Kwa waliopewa dawa wote pamoja, waandishi walisema kwamba upo ushahidi mwingi kuwa mpango huo hauongezi uzito wala hauleti manufaa mengine waliyoyapima.

Mwaka 2016 kundi jingine la wataalamu, akiwamo Kevin Croke pamoja na Kremer na Miguel wenyewe, lilirudia kazi hiyo kuhusu uzito. Waliingiza tafiti walizosema zimeachwa, na katika tafiti zilizokwisha kuingizwa wakatafuta kwa hesabu tarakimu ambazo hazikuchapishwa waziwazi. Hesabu yao ikawa na majaribio mara mbili ya yale ya awali. Jibu likageuka: dawa zikitolewa kwa watoto wote, uzito wa wastani uliongezeka kwa kilo 0.134, na katika maeneo ambako zaidi ya watoto 20 katika kila 100 wana minyoo, kwa kilo 0.148.

Gramu 134 zaweza kuonekana ni kidogo. Lakini wastani huo unajumlisha watoto wengi wasiokuwa na minyoo kabisa, ambao dawa haikuwa na la kuwafanyia, na gharama ya dawa kwa mtoto mmoja ilikadiriwa kuwa takriban senti 30 za dola ya Marekani kwa kila matibabu. Kwa hiyo swali la wizara halikuwa kama faida ni kubwa, bali kama ipo na inazidi gharama. Na jibu la swali hilo lilitegemea ni majaribio gani yaliyopita mlangoni.

Haifai kuhitimisha kwamba upande mmoja ulikuwa mwaminifu na mwingine haukuwa. Ni kweli kwamba waandishi wa mwaka 2016 walikuwa na utafiti wao katika mabishano, na msomaji ana haki ya kulikumbuka hilo. Ni kweli pia kwamba mwaka 2015 watafiti wa London waliokagua upya takwimu za Busia walipata makosa ya hesabu, hasa kuhusu manufaa yaliyodaiwa kuzifikia shule za mbali. Jambo la kuzingatia ni kwamba mabishano haya yaliwezekana kufanywa kwa hoja kwa sababu pande zote ziliandika masharti yao na orodha zao. Msomaji anaweza kuziweka orodha hizo bega kwa bega na kuona ni tafiti zipi zilizoleta tofauti. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha tena pendekezo lake la kutoa dawa kwa watoto wote katika maeneo ambako minyoo imefikia kiwango cha 20 katika kila 100 au zaidi.

8. Zisizofika unguoni

Upo upendeleo ambao hata mchaguzi mwadilifu hawezi kuuondoa kwa masharti, kwa kuwa hutokea kabla ya yeye kuketi na ungo wake. Tafiti zilizopata matokeo ya kuvutia huchapishwa upesi, na zile zilizopata matokeo hafifu hucheleweshwa au hubaki makabatini. Jaribio kubwa la India lililotajwa hapo juu halikuchapishwa hadi mwaka 2013, miaka kadhaa baada ya kumaliza kazi yake. Lilionyesha kwamba dawa za minyoo hazikupunguza vifo vya watoto wadogo kwa kiasi cha kutajika. Katika miaka hiyo mapitio ya dawa za minyoo yaliandikwa bila ya ushahidi wa watoto milioni moja. Ndiyo sababu mwandishi wa mapitio hutakiwa atafute pia majaribio yaliyoandikishwa ambayo hayajachapishwa, na ayataje hata kama hana tarakimu zake.

9. Nafasi ya lugha

Sharti moja ambalo huandikwa mara nyingi bila kufikiriwa ni lile linalosema kwamba makala yawe kwa Kiingereza. Sababu inayotolewa ni uhaba wa watafsiri na wa fedha. Sababu hiyo ina ukweli, lakini haitokani na swali la utafiti, na sharti la namna hiyo lina madhara yanayoweza kupimwa. Mwaka 1997 Matthias Egger na wenzake waliwachunguza watafiti wa nchi zinazosema Kijerumani waliochapisha majaribio yao, moja kwa Kijerumani na jingine kwa Kiingereza, wakayalinganisha katika jozi 40. Kati ya makala ya Kiingereza, asilimia 62 yalikuwa na tofauti ya kitakwimu katika matokeo makuu. Kati ya makala ya Kijerumani, asilimia 35 tu. Mtafiti akipata matokeo ya kuvutia aliyapeleka kwa Kiingereza, na akipata matokeo hafifu aliyaweka katika jarida la nyumbani. Anayesoma Kiingereza peke yake basi huona upande mmoja wa kazi ya mtu yule yule.

Ni haki kuongeza kwamba uchunguzi uliofuata umeonyesha kuwa, katika mapitio mengi ya tiba za kawaida, kuacha makala yasiyo ya Kiingereza hakubadili sana wastani wa mwisho. Lakini hali hiyo ni ya fani ambamo Kiingereza kimetawala. Haiwezi kuchukuliwa kuwa ndivyo ilivyo katika fani nyingine. Chukulia mtu anayeandika mapitio juu ya ufundishaji wa kusoma katika shule za msingi za Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967. Akiweka sharti la Kiingereza, atakuwa ameyatoa makala ya Mulika na ya Kiswahili, majarida yaliyochapishwa Dar es Salaam, pamoja na ripoti na tasnifu zilizoandikwa na watu walio karibu zaidi na madarasa yenyewe. Mchoro wake utaonyesha kwamba makala hayo yalitolewa “kwa sababu ya lugha”, kana kwamba lugha ni kasoro ya utafiti.

Upo pia wajibu wa upande wa pili. Makala ya Kiswahili yasiyo na ikisiri, au ambayo ikisiri yake haisemi ni nani waliochunguzwa, kwa njia gani na nini kilipatikana, hayawezi kuvuka hatua ya kupepeta hata mbele ya mchaguzi anayekijua Kiswahili vyema, kwa kuwa ikisiri ndiyo pekee inayosomwa pale. Mwandishi anayemaliza ikisiri yake kwa kusema tu kwamba suala fulani “limejadiliwa” ameitupa kazi yake kwa mkono wake.

10. Istilahi

Kwa ajili ya kufundishia, inafaa maneno yafuatayo yatofautishwe. Kupepeta kutumike kwa hatua ya kwanza, ya kichwa na ikisiri. Kuchambua kutumike kwa hatua ya pili, ya makala kamili. Kuchuja, ambalo ni neno la vitu vya majimaji na la mashindano, lifaa kuwa jina la jumla la hatua zote mbili, lakini halitoshi peke yake, kwa kuwa huficha tofauti ambayo kazi yenyewe inaitegemea: kwamba mara ya kwanza shaka hubakiza, na mara ya pili kila kinachotolewa hutajiwa sababu. Masharti ya kuingiza na masharti ya kutoa yatosha bila ya kuazima neno jingine. Kwa yule anayeamua kati ya wachaguzi wawili, neno msuluhishi lipo tayari. Maneno haya yana faida ya kueleweka na mtu ambaye hajapata kuingia chuo kikuu.

11. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uchaguzi wa tafiti una sehemu tano zinazotegemeana: swali lenye mipaka, masharti yaliyoandikwa kabla, upepetaji unaobakiza penye shaka, uchambuzi unaotaja sababu, na wachaguzi wawili wanaofanya kazi mbali mbali. Imeonyeshwa pia kwamba sehemu hizi haziondoi hitilafu ya mawazo kati ya wataalamu. Kinachopatikana kwazo ni kwamba hitilafu huwekwa mahali inapoonekana. Katika suala la dawa za minyoo, uamuzi juu ya majaribio machache ulikuwa na uzito kwa mamilioni ya watoto. Kwa hiyo msomaji wa mapitio yoyote ya utaratibu afanye vyema kuanza na mchoro wa uchaguzi na orodha ya tafiti zilizotolewa, kabla ya kuusoma ukurasa wa matokeo.